Kwanini wahudumu wa ndege ndo wanaumia kuliko abiria? Vifaa vyao vinakaguliwa kweli?

#1 Kaka_wa_Tabata
Wakuu salaam. Mdogo wangu wa kike ana mwaka wa pili sasa ni mhudumu wa ndege, kampuni sitaitaja. Juzi kaja nyumbani mkono una malengelenge, kamwagikiwa na maji ya moto kule jikoni kwa ndege kwa sababu koki ya chombo cha kuchemshia ilikuwa haifungi vizuri, na anasema tatizo liliandikwa kwenye kitabu siku tatu kabla. Nikaanza kusomasoma habari za usalama wao, usingizi ukakata.

Iliyonikata maini ni ile ya shirika la ndege la Swiss tarehe 23 Desemba 2024. Airbus A220 inatoka Bucharest kwenda Zurich, abiria 74 na wafanyakazi 5, injini ikaleta shida, moshi ukajaa ndani, wakatua Graz kule Austria. Abiria wakatoka. Mhudumu mmoja, kijana mdogo kabisa, akafariki hospitalini wiki moja baadae. Na moja ya vitu vilivyochunguzwa ni ile kofia ya moshi wanayovaa wahudumu ili waweze kupumua wakati wengine tunakimbilia mlangoni. Baadae kampuni ikasema inaharakisha kubadilisha kofia hizo.

Sasa naulizeni mnaojua, tatizo liko wapi? Vifaa vibovu, mafunzo, au hakuna anayewajali?

#2 Chumvi_ya_Uvinza
Naweka kambi hapa.

#3 Dogo_Mbagala
Pole kwa dada mkuu. Ila kusema ukweli mi nilikuwa najua wale kazi yao kugawa juisi na kuuliza kuku au samaki. Hatari naiona kwa rubani.

#4 Mama_Wawili
Dogo_Mbagala mwanangu kaa hapa nikuelezee, nimeruka miaka 11 kabla sijaacha. Juisi ni ya kupotezea muda. Mhudumu yupo kwenye ndege kwa sababu ya mlango. Sheria za nchi nyingi zinataka walau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na ndege kabla haijaruhusiwa kubeba watu lazima ionyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Sasa hizo sekunde 90 nani anazisimamia? Rubani kule mbele? Ni sisi.

Na kuumia, kaka wa Tabata, umesema kweli kabisa. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilihesabu majeruhi wakubwa wa msukosuko wa anga kuanzia 2009 mpaka 2022, walikuwa 163, na kati yao 129 walikuwa wafanyakazi wa ndege. Abiria kakaa kafunga mkanda, sisi tumesimama nyuma mkiani tunasukuma troli. Na mkiani ndo panarukaruka kuliko sehemu yoyote. Ile ya Singapore Airlines ya tarehe 21 Mei 2024, ile Boeing 777 ya kutoka London iliyokumbwa na msukosuko ikaenda kutua Bangkok, kila mtu aliona picha za lile jiko lilivyotapakaa, vyakula chini, vitu vinaning'inia toka juu. Sasa hapo ndo ofisini kwetu.

#5 Dogo_Mbagala
Nimekuelewa mama, naomba radhi.

#6 spana_namba_kumi
Mi ni fundi wa ndege, nitaongea kwa upande wetu maana naona tunaelekea kusulubiwa. Iko orodha inaitwa MEL, hiyo inasema kitu gani kikiharibika ndege inaweza kuondoka na kwa masharti gani, na kwa siku ngapi. Koki ya chai, taa ya kusomea, kiti cha mhudumu, vyote vimo. Sio kwamba fundi kapuuza, spea inaweza kuwa inatoka Ulaya na iko forodhani wiki ya pili. Kwa hiyo tunaweka kibandiko "haitumiki", tunakata maji na umeme wa hicho chombo, ndege inaenda.

Sasa kama ile koki iliandikwa alafu bado ilikuwa inatumika, basi kuna mtu hakuifunga au kibandiko kilitolewa. Hapo ni mfumo wa kampuni, orodha haina kosa.

#7 Kaka_wa_Tabata
spana asante. Anasema kibandiko kilikuwepo ila abiria walikuwa wengi na chombo kingine kilikuwa hakitoshi, mkubwa wake akamwambia tumia taratibu.

#8 Mama_Wawili
#7 hayo "tumia taratibu" ndo yaliyonivunja mguu mimi. Troli ina breki mbili chini, kanyagio nyekundu kufunga na kijani kufungua. Yangu breki ilikuwa imelika, unakanyaga nyekundu inashika nusu. Tuliandika wee. Siku hiyo ndege bado inapanda pua iko juu, mkubwa anataka huduma ianze mapema kwa sababu safari ni fupi, troli imejaa soda na vinywaji inakaribia kilo 80 hivi, nikainama kumpa mzee mmoja glasi ya maji, ile kuinuka troli inateremka kwangu. Kifundo cha mguu kilipasuka sehemu mbili. Ripoti ikaandikwa "mhudumu hakufunga breki". Mpaka leo mvua ikitaka kunyesha mguu unanijulisha.

#9 Mzee_Kigango
Pole sana mama. Hiyo kauli ya ripoti inauma kuliko mguu wenyewe.

#10 Mwana_Kisauni
Wadau wa Bongo, salamu toka Mombasa. Mimi niko kwa kampuni moja huku Ghuba, cabin, mwaka wa sita sasa. Mnaongea troli na koki lakini hiyo kofia ya moshi ya post ya kwanza ndio story kubwa. Watu wengi hudhani ni kama ile barakoa ya manjano inayoshuka juu ya abiria. Siyo. Hii ni mfuko unavaa kichwa chote mpaka shingoni, ndani kuna kemikali inatengeneza oksijeni, inakupa karibu dakika 15. Inakaa ndani ya kifuko kilichonyonywa hewa, ndani ya kisanduku. Kazi yetu kabla ya safari ni kuangalia kama kisanduku kiko sawa na seal (lakiri) iko. Hatuifungui! Ukifungua umeiharibu. Kwa hivyo unaangalia sanduku, unaamini kilicho ndani.

#11 Chumvi_ya_Uvinza
Kwa hiyo siku ya kwanza kujua kama inafanya kazi ni siku ya moto?

#12 Mwana_Kisauni
Ndio hivyo.

#13 mkemia_wa_Moshi
Niongeze kidogo kwenye #10. Nyingi zinatumia potasiam supaoksaidi. Pumzi yako unayotoa ina unyevu na kabonidayoksaidi, vikigusana na hiyo kemikali inatoka oksijeni na kabonidayoksaidi inanaswa. Ni akili kubwa, mtu anatengenezewa hewa na pumzi yake mwenyewe. Shida ni kwamba hiyo kemikali ikipata unyevu mapema, mfano kifuko kimetoboka kidogo, inaanza kazi peke yake pole pole kwenye sanduku na siku ya siku imechoka. Na ikifanya kazi inatoa joto. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuivaa ya kweli anaweza kuhisi inaungua akaivua katikati ya moshi.

#14 Mama_Wawili
#13 umegusa penyewe. Mafunzoni tulivaa ya mazoezi, haina kemikali, haipati joto, unaingia kwenye chumba cha moshi wa maigizo unatoka unapiga makofi. Ya kweli sijawahi kuivaa miaka yote 11. Mi naona tatizo ni mafunzo kuliko vifaa.

#15 spana_namba_kumi
Mi nasema sio mafunzo, ni umri wa vifaa. Kila kofia ina tarehe ya kuisha, lakini imefungwa kwenye mabano karibu na kiti cha mhudumu, inatikiswa kila kutua, joto baridi joto baridi, miaka na miaka. Tarehe inasema nzima, mwili umeshachoka.

#16 Bi_Shangani
Assalaam alaykum. Mie naona wote mwazunguka. Moshi wenyewe watoka wapi? Hewa tunayovuta ndani ya ndege nyingi yatolewa kwenye injini, yapitishwa yapozwa ndo yaja kabini. Muhuri wa injini ukivuja mafuta, ile harufu ya soksi mbichi mnayoisikia siku nyengine ndo hiyo. Mafuta yale yana kemikali yaitwa TCP si nzuri kwa mishipa ya fahamu. Mdogo wangu karuka miaka minane skuizi mikono yatetemeka, daktari huyu asema mawazo, yule asema ukosefu wa usingizi. Boeing 787 peke yake ndo hewa yake haitoki kwenye injini, wanatumia mashine za umeme kuivuta nje.

#17 mkemia_wa_Moshi
Bi_Shangani shkamoo. Kuhusu 787 uko sahihi kabisa. TCP kweli imo kwenye mafuta ya injini nyingi na ni sumu kwa kiwango kikubwa, ubishi upo kwenye kiwango kinachofika kabini, wanasayansi bado wanavutana. Wengine wanasema dalili zinatokana na uchovu na hewa kavu. Pole kwa mdogo wako.

#18 Bi_Shangani
Marhaba. Wavutane, lakini kipimo cha hewa mbona hawaweki kwenye ndege? Kitu usichokipima ndo rahisi kusema hakipo.

#19 Dogo_Mbagala
Bi mkubwa kafunga mjadala hapo.

#20 spana_namba_kumi
Hajafunga. Swiss haikuwa mafuta yanayovuja taratibu, injini ilifeli. Tusichanganye vitu viwili.

#21 Nyanza_Mwaloni
Nami niingie. Tusisahau nyumbani. Tarehe 6 Novemba 2022 Bukoba, ile ATR 42 iliyoingia ziwani karibu na uwanja, watu 43, wakafa 19 wakiwemo marubani wote wawili. Mimi nilikuwa pale ufukweni nilikuwa naenda sokoni. Wavuvi ndio waliofika mwanzo na mitumbwi yao. Tulikuwa tunavuta kamba huku mkia uko juu. Mpaka leo najiuliza yale maboya ya chini ya viti watu waliyapata au hayakupatikana kabisa, maana maji yaliingia haraka mno. Wahudumu wanatuonyesha kila safari na sisi tunachezea simu.

#22 Mjukuu_wa_Ngazidja
Nyanza umenikumbusha ya kwetu Komoro. Ethiopian 961, 1997, ile 767 iliyotekwa ikaishiwa mafuta ikashukia baharini pale mbele ya hoteli ya Le Galawa. Watu walivaa maboya wakayajaza wakiwa bado ndani ya ndege, maji yalipoingia yakawainua mpaka kwenye dari wakashindwa kuzama kidogo wafikie mlango.

#23 Mzee_Kigango
Sahihisho: ilikuwa 23 Novemba 1996. Watu 175, walikufa 125 pamoja na watekaji watatu. Nakumbuka mwaka kwa sababu Mohamed Amin, yule mpiga picha wa Kenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia, alifia humo.

#24 Mjukuu_wa_Ngazidja
Asante mzee, 1996 ndio. Mjomba wangu alikuwa ufukweni, anasema waogaji na wavuvi ndio walianza kuokoa, na walikuwepo madaktari wa Kifaransa likizo wakaacha taulo zao wakaanza kazi pale pale mchangani.

#25 Mwana_Kisauni
Hiyo 961 tunafundishwa mpaka leo, ndio maana tunarudia "usijaze boya ukiwa ndani" kama kasuku. Lakini fikiria mhudumu siku ile, kapteni anahangaika na watekaji, anapitia safu kwa safu kuwasihi watu wasivute ile kamba. Kifaa kilikuwa kizima. Watu ndio walikuwa na hofu.

#26 Kaka_wa_Tabata
Sasa mnanichanganya wakuu. Kifaa kibovu watu wanakufa, kifaa kizima watu wanakufa.

#27 Mama_Wawili
Karibu kazini.

#28 Mzee_Kigango
Kuna mmoja nataka vijana mumjue, anaitwa Andreas Prodromou. Ndege ya Helios 522, Agosti 14, 2005, Larnaca kwenda Athens. Swichi ya mgandamizo wa hewa ilikuwa imeachwa kwenye mkono badala ya otomatiki baada ya mafundi kukagua usiku, marubani hawakuiona, ndege ikapanda hewa ikawa nyepesi, wote wakalala. Prodromou alikuwa mhudumu, akatumia oksijeni ya chupa za kubeba akafika mpaka chumba cha marubani. Ndege za kivita za Ugiriki zilimwona kakaa pale anapambana. Mafuta yakaisha, wakafa wote 121. Abiria oksijeni yao inakaa kama saa moja kwa hiyo...

#29 spana_namba_kumi
Mzee naomba nikurekebishe kwa heshima. Ya abiria haifiki saa. Ni kemikali pia ile, ukivuta barakoa inawaka, inatoa kama dakika 12 mpaka 15 hivi kwa ndege nyingi. Inatosha rubani kushuka mpaka futi 10,000 ambapo unapumua kawaida. Kama rubani kalala hashuki mtu.

#30 Mzee_Kigango
Nimepokea fundi. Na hapo ndo naona ajabu yake, alipita dakika zile zote akiwa na chupa zile za kubeba tu.

#31 Dogo_Mbagala
spana hapo kwenye Helios wenzako mafundi waliacha swichi eeh 😀

#32 spana_namba_kumi
Waliiacha, siwezi kukataa. Na marubani waliipita mara tatu kwenye orodha zao za ukaguzi. Kila mtu aliamini mwenzake ameangalia.

#33 Sista_D
Naomba kuuliza kitu kidogo, mimi ni abiria tu. Ile pawabenki yangu ya 20,000 mwaka huu nilizuiwa kuitumia ndani ya ndege, mhudumu alikuwa mkali kidogo nikaona ananionea. Ni sheria au roho mbaya?

#34 Mwana_Kisauni
Sista_D pole ila ni sheria. Tarehe 28 Januari 2025 Air Busan A321 iliungua uwanjani Gimhae Korea Kusini kabla ya kuruka, moto ulianzia kabati la mizigo la juu, pawabenki ndiyo ilishukiwa. Watu 176 wote walitoka. Korea ikakataza kuziweka juu toka Machi, na Emirates toka 1 Oktoba 2025 hairuhusu kuzitumia kabisa ndani, unabeba moja tu isiyozidi Wati-saa 100. Hesabu yake: 20,000 mara 3.7 (volti za betri) gawa kwa 1000, unapata 74, kwa hivyo yako inaruhusiwa kubebwa. Iweke chini ya kiti cha mbele ama mfuko wa kiti, tuione ikianza kufuka.

Na tukiona moto wa betri, kizimamoto cha haloni kinaua mwali lakini hakipozi. Betri inawaka tena, na tena. Lazima umwage maji, mengi, soda, juisi, chochote kisicho na pombe. Barafu hapana, inafunika joto lisitoke. Dogo_Mbagala umeona, juisi ina kazi.

#35 Dogo_Mbagala
😂😂 Sitasahau hii juisi.

#36 Sista_D
Asante sana, nilimnunia yule dada bure. Nikimuona tena nitamwomba msamaha.

#37 mtazamaji_wa_anga
Mnasahau spika. Japan Airlines 516, tarehe 2 Januari 2024 Haneda, A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani. Watu 379, kabini moshi, mfumo wa matangazo ukafa. Wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkono na koo zao. Milango ilikuwa minane ikatumika mitatu tu kwa sababu kwingine moto. Wote 379 wakatoka, japo kwenye ndege ndogo walikufa watano kati ya sita. Vifaa vilifeli, mafunzo yakaokoa. Kwa hiyo nampa kura Mama_Wawili.

#38 spana_namba_kumi
Na slaidi tatu (zile za kuteleza kutoka mlangoni mpaka chini) zilizotumika zilifunguka bila shida, nani alizikagua? Mpe kura na fundi basi.

#39 mtazamaji_wa_anga
Haya nusu kura.

#40 Bi_Shangani
Na abiria wale hawakubeba mabegi. Dubai 2016 ile 777 watu walikuwa wavuta masanduku ndege yawaka, na slaidi nyengine upepo umezipindua. Walitoka wote 300, lakini zimamoto mmoja alikufa. Mie sijui kura hii nimpe nani.

#41 Nyanza_Mwaloni
Huyo zimamoto naye alikuwa kazini kwake kama mhudumu.

#42 Chumvi_ya_Uvinza
Nimesoma uzi wote kuanzia #1. Kwa hiyo mpaka sasa tuna: vifaa vimezeeka, mafunzo ya maigizo, hewa ya injini, presha ya wakubwa, abiria wabishi. Mbona kila mtu yuko sahihi?

#43 Mama_Wawili
Presha ya muda mmeipita haraka. Ratiba ndo inakula vyote. Dakika 30 chini, abiria wanashuka, usafi, chakula kinapakiwa, na katikati ya hapo uangalie kofia, vizimamoto, chupa za oksijeni, tochi, boya lako, mkanda wa kiti chako, na kiti chenyewe kama kinajikunja. Kiti kisipojikunja kinaziba njia ya mlango, lazima kifungwe kikiwa kimekunjwa na mhudumu atafutiwe pa kukaa. Wangapi wanafanya? Unakuta mtu anashika kisanduku kwa mkono anasema kipo. Mimi mwenyewe nimefanya, na nikikumbuka moyo unaniuma.

#44 Kaka_wa_Tabata
Nimempelekea mdogo wangu uzi huu wote kausoma. Kasema #43 imemliza.

Jana asubuhi kafika kazini kafungua lile bano la mbele kukagua, kisanduku kipo ila seal haipo. Kaandika. Fundi kaja kasema ndani hakuna nyingine, mpaka ikachukuliwe stoo upande wa pili wa uwanja. Wamechelewa dakika 40. Abiria mmoja kasimama mlangoni kamtukana matusi ya nguoni kwamba wanachelewesha watu kwa sababu ya boksi. Mkubwa wake safari hii hakusema tumia taratibu, alisimama naye.

#45 spana_namba_kumi
Mwambie fundi mmoja huku anampa saluti. Na ile ya zamani wameipeleka wapi? Asikubali irudishwe stoo bila lebo nyekundu, nimeshaona kisanduku kikirudi ndege nyingine.

#46 Kaka_wa_Tabata
Hakuangalia. Ngoja nimpigie sasa hivi, saa nne anaruka.